Alichokisema Margwe

Simu iligoma mbele ya wazee.

Marieta alibonyeza mara ya kwanza, kimya. Akabonyeza tena, kioo kikaandika kwamba faili haliwezi kuchezwa. Akaifuta simu kwa pindo la khanga kana kwamba tatizo ni vumbi, akabonyeza tena. Wazee wa ukoo wa Sulle, waliokuwa wameketi kwenye mabenchi yaliyoazimwa kigangoni, walinyoosha shingo. Mzee Qamara, aliyekuwa anaongoza kikao, alitega sikio lake la kulia, lile ambalo bado linasikia vizuri. Hakuna kilichosikika isipokuwa upepo wa Mlima Hanang ukitikisa bati.

"Basi," akasema Clement. "Si mmeona wenyewe? Kaka hakusema kitu."

Alisema kwa upole, na upole ule ndio uliomchoma Letisia kuliko maneno yenyewe. Hebu fikirini, jamani: mwanamke amemzika mume, amekaa matanga, leo ndiyo siku ya kuanua, ameamka alfajiri kuwapikia chai wanaume wote hawa, na shemeji yake, mdomo bado una sukari ya nyumba hiyo hiyo, anaweka kikombe chini na kumwambia kwamba marehemu hakusema kitu. Macho makavu!

"Alisema," Letisia alijibu. "Nilimwona kwa macho yangu ameshika simu, midomo inatembea."

"Ulimsikia?"

Letisia hakumsikia. Na hapo ndipo palipokuwa na kidonda.

Wakati Margwe, mumewe, alipozidiwa, nyumba yake ilikuwa kwenye metimani. Binti yake Marieta alikuwa amejifungua bila ndoa, mtoto akafa hata jina hajapewa, na kwa mila ya Wairaqw nyumba ya namna hiyo hukaa peke yake kwa muda: wao hawaendi kwa watu, na watu hawaingii kwao. Vijana wa siku hizi wanaicheka mila hiyo, na padri haipendi. Margwe alikuwa mtu wa misa na mtu wa mila, vyote kwa pamoja, wala hakuona shida. Alikataa katakata kuwaita wazee waje kusikia wosia wake. "Siwezi kuwaita watu kwenye nyumba iliyofungwa," alisema. Basi Marieta akamfundisha kubonyeza kitufe chekundu cha kurekodi kwenye simu. Margwe akawaambia watoke nje wote wawili, mke na binti, kwa sababu si vizuri watu wa nyumba wamsikie baba yao akipanga mambo ya kifo chake. Alipomaliza aliwaita, akasema: "Msisikilize. Isikilizwe na wazee, siku ya kuanua matanga."

Nao hawakusikiliza. Huo ndio ujinga wao, kama mnataka kuuita ujinga. Walimtii baba wa nyumba akiwa hai, wakaendelea kumtii alipokuwa kaburini.

"Mimi simlaumu mtu," Clement aliendelea. Alikuwa mdogo wake Margwe, aliwahi kuwa mwenyekiti wa kijiji huko Dongobesh, na ule ustadi wa kuongea na mikutano haukumtoka. "Kaka alikuwa mgonjwa, pengine alibonyeza vibaya. Sisi turudi kwenye utaratibu. Shamba la Gitting ni la ukoo. Shemeji atakaa hapa mpaka avune maharage yake, hatumfukuzi. Baada ya hapo mimi nitalisimamia. Huyu binti ana kazi yake Katesh, na ... tusifichane, yeye ndiye aliyeifungia nyumba hii milango. Kama si yeye, wazee wangeingia na wosia tungeusikia wote."

Marieta aliinamisha kichwa. Wazee wawili watatu walikohoa. Hakuna hata mmoja aliyemwambia Clement kwamba maneno hayo hayasemwi mbele ya mwanamke aliyezika mtoto.

"Shikamoo babu," Marieta alimgeukia mzee Qamara. Walikuwa wameshasalimiana asubuhi, lakini alitaka kuanza upya, kwa heshima. "Naomba mnipe hadi Jumapili. Simu nitaipeleka Katesh, niliangalie hilo faili."

"Unaliangaliaje wakati halifunguki?" Clement akacheka.

"Hadi Jumapili baada ya misa," mzee Qamara alisema. "Zaidi ya hapo sitaki kusikia."

Clement alipoondoka alipita njia ndefu, ile inayozunguka mpaka wa shamba. Alitembea pole pole, mikono nyuma, akitazama huku na huku. Letisia alibaki uani akikusanya vikombe, akamwona anasimama kwenye ule mti wa mpakani na kuupigapiga shina kwa kiganja. Alitamani kumrushia kikombe.

*

Marieta alikuwa ameajiriwa kwenye duka la vifaa vya ofisi karibu na stendi ya Katesh. Alisomea kompyuta chuoni Babati, akaishia kutoa fotokopi na kuchapa barua za watu za kuomba kazi ambazo yeye mwenyewe hakuzipata. Kesho yake baada ya kikao Letisia alikaa kwenye kigoda nyuma ya kaunta, mkoba mapajani, akingoja wateja wapungue. Simu ya marehemu ilikuwa imeunganishwa kwa waya kwenye laptop.

"Hebu niambie tena," Marieta alisema. "Simu ilitoka lini mikononi mwako?"

"Ilipokataa kuchaji, wiki ile baada ya mazishi. Baba yako mdogo akasema, lete shemeji, mwanangu Gidion ana duka la ufundi simu Dongobesh, hiyo ni kazi ndogo. Nikampa." Letisia alikunja uso. "Nilimpa kwa mikono miwili, Marieta. Nikamwambia Mungu akubariki."

"Ilirudi inafanya kazi?"

"Ilirudi inawaka vizuri kabisa. Gidion hakutaka hata shukrani. Nikasema, kumbe bado kuna watoto waliolelewa."

Marieta alishusha pumzi. Alifungua dirisha jeusi kwenye kompyuta, dirisha lisilo na picha wala rangi, lina alama ndogo tu inayopepesa ikingoja. Letisia alisogeza kigoda.

"Mama, ukiangalia kwenye simu unaona jina tu la faili. Jina mtu yeyote anaweza kulibadilisha. Mimi nataka kuona kilichomo ndani yake, kikiwa kibichi."

Aliandika herufi chache, x, x, d, kisha jina ambalo baba yake alilichagua mwenyewe siku ile: *wosia*. Akabonyeza. Kioo kikajaa mistari, tarakimu na herufi mbili mbili zimejipanga, na pembeni upande wa kulia vinukta vingi vyenye herufi za hapa na pale, kama mahindi yaliyoota kwenye shamba lililoliwa na panya.

"Ndiyo nini sasa hiyo?"

"Kila kitu kwenye kompyuta ni namba, mama. Sauti, picha, barua, vyote. Hii amri haitafsiri, haipambi. Inatoa kilichopo tu, kama kilivyo."

"Na baba yako yuko wapi humo?"

Marieta alikuwa amesimamisha kidole kwenye mstari wa kwanza kabisa, upande wa kulia, palipokuwa na herufi nne zinazosomeka. Alizisoma kimya. Akashuka mstari wa pili, wa tatu, akarudi juu.

"Hayumo," alisema.

"Hayumo vipi? Wamemharibu?"

"Mama, hili si faili la sauti. Halijawahi kuwa sauti." Aligeuka. "Ukinunua ng'ombe wa Mbarbaig, ukamleta nyumbani ukampa jina la ng'ombe wako, ile chapa ya mwenye ng'ombe inatoka?"

"Itatokaje? Si amechomwa nayo?"

"Basi kila faili lina chapa yake mwanzoni. Sauti ina yake, picha ina yake. Hapa jina linasema wosia, linasema sauti. Chapa inasema picha. Mtu amefuta sauti ya baba, akachukua picha, akaipa jina lile lile. Ndiyo maana simu inagoma. Inajaribu kuimba picha."

Mteja mmoja aliingia kuulizia bahasha, Marieta akamwambia zimekwisha, ingawa zilikuwa zimejaa rafuni.

"Na angalia hapa." Katikati ya vile vinukta kulikuwa na tarehe, imeandikwa wazi kabisa, tarehe ambayo hata Letisia aliyeishia darasa la nne aliweza kuisoma: mwaka jana, mwezi wa nane, tarehe kumi na saba. Chini yake palikuwa na jina la aina ya simu. Ilikuwa ile simu kubwa ya Clement, ile anayoiweka mezani kila anapokaa ili watu waione.

"Tarehe kumi na saba baba yako alikuwa hai," Letisia alisema taratibu. "Ilikuwa Jumamosi. Clement alikuja na mkate. Alikataa kuingia ndani kwa sababu ya metimani. Alimsalimia kaka yake kutoka mlangoni, akasema, mimi naheshimu mila, acha nizunguke kidogo nione ngano ilivyo. Na mimi nikamsifu! Nikamwambia Margwe, mdogo wako ana adabu."

Marieta alibadilisha mkia wa jina la faili, akabonyeza, na picha ikafunguka.

Clement alikuwa amesimama katikati ya ngano yao iliyoiva. Mkono wake ulikuwa ndani ya mkono wa mwanamume mnene mwenye miwani ya jua na viatu visivyojua tope. Wote wawili walikuwa wanacheka. Nyuma yao kulionekana ule mti wa mpakani, na mbali zaidi, padogo, paa la nyumba ya Letisia, moshi ukitoka jikoni. Siku ile alikuwa anampikia mgonjwa uji.

Letisia akasimama, akajifunga khanga kiunoni kama mtu anayekwenda kupigana.

"Tunaenda Dongobesh."

"Mama, kaa."

"Alikuwa anauza shamba mume wangu akiwa anapumua! Moshi wangu huo hapo! Mgonjwa yuko ndani anamwombea mdogo wake baraka, na yeye yuko nje anampa mtu mkono!" Watu waliokuwa wakipita stendi waligeuka. "Hata fisi anangoja mtu afe, Marieta. Hata fisi!"

"Mama, Jumapili. Mbele ya wazee. Ukienda leo atasema umechanganyikiwa na msiba."

Letisia alikaa. Akauliza, kwa sauti ndogo ambayo haikuwa yake: "Na yeye? Sauti yake? Huwezi kuichimbua?"

Marieta alijaribu alasiri yote, na siku iliyofuata, na iliyofuata. Alipekua simu na kadi yake, akatazama ile mistari hadi macho yakawa mekundu. Pale ilipokuwa sauti ya baba yake palikuwa pameshaandikwa vitu vingine, nyimbo za Gidion na matangazo ya vifaa vya simu. Alipomwambia mama yake kwamba haipo tena, Letisia aliitikia kwa kichwa, akaenda kukamua ng'ombe.

*

Jumapili Clement hakuja peke yake. Alikuja na Gidion mwanawe, amevaa shati la kanisani, amebeba begi la vifaa. "Nimemleta mtaalamu," Clement alisema, "ili awaeleze wazee vizuri, yasije yakasemwa maneno."

"Shikamoo mama mkubwa," Gidion alimsalimia Letisia bila kumtazama.

"Marahaba," Letisia aliitikia.

Gidion akaeleza kwamba mafaili huharibika, kwamba simu ikizima ghafla wakati wa kurekodi, basi, ndiyo imetoka hiyo, hata Ulaya hawawezi. Alieleza kwa maneno mengi ya mafundi. Wazee walitikisa vichwa kama watu wanaosikia Kilatini cha zamani kanisani. Alipomaliza, Marieta aliiweka laptop juu ya meza, akaigeuza wazee waone, akaandika ile amri. Mistari ikamwagika. Akaeleza habari ya chapa, kwa Kiiraqw, polepole, akionyesha kwa kidole.

Mzee Qamara alisogea hadi pua ikakaribia kioo. Ujana wake wote alichunga, akaibiwa ng'ombe na akawafuata hadi Balangida. "Kwa hiyo," alisema, "huyu ng'ombe ameitwa kwa jina la Margwe, lakini chapa ni ya mtu mwingine."

"Ndiyo, babu."

"Ya nani?"

"Hizo ni namba tu!" Clement aliingilia. "Kompyuta ni yake, anaweza kuandika anachotaka. Wazee wangu, mtaacha mila zetu mfuate mambo ya binti aliyetuletea aibu?"

"Basi nisiandike mimi," Marieta alisema. Alichomoa waya, akaisukuma laptop na simu hadi mbele ya Gidion. "Kaka, wewe ni fundi. Unganisha mwenyewe. Andika mwenyewe. Waambie wazee mstari wa kwanza unasemaje."

Gidion alitazama meza. Mikono yake ilibaki mapajani.

"Si umeambiwa uandike?" mzee Qamara alisema.

"Hakuna haja, babu," Gidion alisema, sauti ikiwa chini. "Ni picha."

Clement alimgeukia mwanawe kama vile amemwagiwa maji ya moto. Marieta hakungoja, aliifungua ile picha, akaizungusha mbele ya kila benchi, mzee mmoja baada ya mwingine. Kuna aliyeguna, kuna aliyetema mate pembeni. Mmoja alisoma ile tarehe kwa sauti, akahesabu kwa vidole, akasema, "Margwe alikuwa bado hai."

Sasa, ungetegemea mtu aone haya. Ungetegemea aombe ardhi ipasuke immeze. Clement alikunja nne!

"Haya, nilitembea shambani kwa kaka yangu na rafiki, tukapiga picha. Ni dhambi? Huyu kijana amefanya uzembe, nitamwadhibu mwenyewe. Lakini swali letu bado liko palepale. Wosia uko wapi? Nani ameusikia? Picha haigawi shamba."

Na wazee, mnisamehe kwa kusema hivi, wazee wakaanza kunong'onezana. Waliinama wakaweka vichwa pamoja. Letisia alisimama mlangoni mwa jikoni, mahali walipomwambia wanawake wakae, akangoja. Hatimaye mzee Qamara alikohoa, akasema walivyoona. Clement amekosa, atatoa dume la kondoo na asali, atamwomba shemeji yake msamaha. Lakini neno la marehemu halikusikika, na wao hawawezi kulitunga. Kwa hiyo, ili undugu usife, shamba ligawanywe: upande wa juu kwa mjane, upande wa chini, ule wenye maji, usimamiwe na Clement. "Damu ni damu," alimalizia, na alionekana kuchoka.

Kondoo! Mtu amezima sauti ya kaka yake, anatoa kondoo, anaondoka na maji.

Letisia alitoka jikoni. Hakuomba ruhusa ya kuongea. Alipita katikati ya mabenchi, mwiko bado mkononi, akasimama mbele ya Clement karibu kiasi kwamba yule bwana alilazimika kuinua uso.

"Shemeji, nijibu moja tu, halafu nitanyamaza hadi nife. Wiki iliyopita umekaa hapo hapo ukasema Margwe hakusema kitu. Leo umerudia. Sawa. Kama hakusema kitu, mlikuwa mnafuta nini?"

Clement aliwatazama wazee, wazee wakamtazama yeye, na safari hii hakuna aliyekohoa.

"Mtu hafagii nyumba isiyo na taka," Letisia alisema. "Mlisikia kitu. Mkakiogopa."

"Mimi sikusikia chochote!" Clement alipayuka. "Naapa mbele ya Mungu, mimi sikuisikiliza hiyo simu!"

"Ni kweli, baba hakusikiliza," Gidion alisema.

Alikuwa amesimama. Mtu mzima mwenye mke na duka, lakini mikono yake haikujua iende wapi. "Aliniambia nifute tu. Mimi ndiye niliyesikiliza. Ilibidi nihakikishe ndiyo yenyewe. Nikaifuta, nikachukua faili la kwanza nililoliona kwenye kadi ya simu ya baba, wala sikuliangalia."

"Kaa chini, mjinga wewe!" baba yake alifoka.

"Usikae," mzee Qamara alisema. Alikuwa ameinuka kwa fimbo yake, na uchovu ulikuwa umemtoka. "Neno la marehemu liliingia kwenye sikio lako, nawe umekaa nalo mezani, umekula nalo, umelala nalo. Sitaki kukulaani, mjukuu wangu, usinilazimishe. Litoe."

Gidion alilitoa. Alilisema kwa Kiiraqw, kama lilivyosemwa, macho chini, na kadiri alivyoendelea sauti yake ilianza kubeba pumzi za Margwe, kule kukatika kwake, kule kuanza tena. Alisema kwamba shamba la Gitting Margwe hakurithi kwa mtu. Alifika ni msitu. Yeye alikata miti, Letisia akang'oa visiki, mimba tumboni. Clement hakuleta hata panga. Asiuziwe mtu yeyote ardhi iliyo chini ya miguu ya Letisia. Akifa Letisia, liwe la Marieta, aolewe asiolewe, na mtu asimsimange kwa mtoto aliyekufa, kwa sababu mtoto yule alikuwa mjukuu wake.

Marieta alijifunika uso kwa mikono. Mzee Qamara aliwageukia wenzake mmoja mmoja, na kila mmoja alitikisa kichwa kukubali. "Tumesikia," akasema. "Shamba lote, juu na chini, ni la Letisia. Clement, na huyo mwenye miwani kamrudishie chake leo hii." Clement alikuwa ameshachukua kofia yake. Hakuna aliyemsindikiza.

Ilikuwa imekwisha. Wanawake wa jirani walipiga vigelegele nje ya ua. Lakini Letisia hakuondoka pale alipokuwa. Alikuwa bado anamtazama Gidion, kwa sababu Gidion alikuwa bado amesimama.

"Kuna kingine," Letisia alisema.

"Si cha shamba, mama mkubwa."

"Sema."

Gidion alilamba midomo. "Mwishoni alinyamaza sana, nikadhani imekwisha. Halafu akasema: 'Letisia, usiku unanifunika blanketi zote mbili, wewe unajikunyata na khanga. Unafikiri nimelala. Sijalala, naona. Sikukwambia kwa sababu ningekwambia ungenigeukia, nami ningekuona unalia. Ahsante, mke wangu.' Halafu akacheka kidogo, akakohoa. Ndiyo ikaishia hapo."

Vigelegele viliendelea nje. Mwiko ulimdondoka Letisia, wala hakuinama kuuokota. Miaka yote ile, kwenye baridi ile ya mlima, mwanamume yule hakuwahi kumwambia ahsante, na alipoisema aliisema mara moja tu, kwa sauti yake mwenyewe, na kijana huyu aliisikiliza hadi mwisho kisha akaigusa kwa kidole ikapotea.

Alimshika Gidion kola ya shati lake la kanisani, kwa mikono yote miwili, akamtikisa. Wazee waliinuka kumzuia, wakamkuta hampigi.

"Ungefuta ya shamba," alisema. "Ungefuta ya shamba yote, mwanangu, mkachukua na maji. Hayo ya mwisho ungeniachia."